Wokitoki bila itifaki ni kelele tu

Swali ninaloulizwa sana siku hizi halihusu programu wala simu. Ni hili: "Wewe mtu wa kompyuta, tununue wokitoki gani?" Anauliza mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa usiku mtaani. Anauliza mwalimu anayepeleka wanafunzi kutembea Msitu wa Kakamega. Anauliza jamaa anayepanga magari kwenye harusi na matanga. Wote wameziona redio za bei nafuu mtandaoni, wameona "wati 8" na "kilomita 10" zimeandikwa kwa herufi kubwa, na wanataka niwachagulie moja.

Jibu langu huwakera kidogo. Huwa nawaambia kwamba aina ya redio ni swali la nne. La kwanza: mmekubaliana mtazungumza vipi? La pili: mtazungumzia mahali gani? La tatu: nani amewaruhusu kutumia masafa hayo? Ukishayajibu hayo matatu, redio yoyote nzuri iliyoidhinishwa itakufaa. Usipoyajibu, hata redio ya laki moja itakuwa kelele yenye betri.

Leo nimeamua kuandika jibu lote mara moja ili nisilirudie tena kibarazani. Kwa asiyejua, wokitoki ni ile redio ya mkononi ambayo wengine huiita redio ya upepo au redio kol: unabonyeza kitufe unasema, unakiachilia unasikia. Haiwezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Kumbuka jambo hilo, maana karibu kila nitakachosema linatokana nalo.

Lakini si kila mtu ana simu?

Kweli. Simu yako nayo ni redio, ila ni redio inayotegemea ukoo mzima: mnara, umeme wa mnara, nyaya zinazounganisha mnara na makao makuu, seva za kampuni, na salio lako. Ndugu mmoja akiugua, ukoo wote unalala.

Tumeyaona. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa kama konokono. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo hivyo kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025. Kule Mandera, Wajir na Garissa, Al-Shabaab wameharibu minara ya simu zaidi ya mara moja. Na huhitaji kwenda mbali hivyo: ingia ndani ya msitu wetu hapa, hatua chache kutoka njia kuu, uangalie vijiti vya mtandao kwenye simu yako.

Wapo watakaosema, "Basi tutatumia Zello." Wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha mwaka 2024, programu hiyo ilipata umaarufu mkubwa Kenya. Ni programu nzuri, na mimi kama mtu wa programu naipenda. Ina kitufe cha kubonyeza na inatoa sauti kama wokitoki. Lakini inapitia intaneti. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ilipoyumba, ndipo ilipodhihirika tofauti kati ya programu inayoiga redio na redio yenyewe. Kitu kinachofanana na wokitoki kwenye kioo cha simu si mpango wa dharura.

Wokitoki halisi haihitaji mtu wa kati. Redio yangu inatoa mawimbi, redio yako inayapokea, basi. Hiyo ndiyo nguvu yake. Ndiyo pia udhaifu wake, kwa sababu hakuna seva ya kupanga foleni, hakuna anayehakikisha ujumbe umefika, hakuna historia ya kusoma baadaye. Kazi zote ambazo kwenye mtandao hufanywa na programu, hapa zinafanywa na binadamu. Kama binadamu hao hawakukubaliana, hakuna anayezifanya.

Hesabu ya kilomita

Tuanze na hadithi ya boksi, "kilomita 10". Si uongo mtupu, lakini ni kweli ya uwanjani kusiko na mti, nyumba wala kilima.

Masafa ya juu yanayotumiwa na redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Kuna kanuni rahisi ya upeo wa redio: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Ukishika redio kwenye kimo cha mita 1.5 unapata takriban kilomita 5. Mwenzako naye ana zake 5. Jumla 10. Ndiyo hiyo kumi ya boksi. Sasa ongeza mabati, kuta za mawe, mahindi yaliyokomaa, mabonde na miti, uanze kutoa.

Angalia jinsi kimo kinavyoshinda wati. Panda mahali ambapo antena itakuwa mita 9 juu ya ardhi, upeo wako unafika kilomita 12 badala ya 5. Lakini ukibadilisha redio ya wati 5 ukanunua ya wati 8, umeongeza desibeli 2 tu, ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Na ili uongeze umbali mara mbili hata mahali pa wazi kabisa, unahitaji nguvu mara nne. Kwa hiyo hela ya wati weka mfukoni, panda ngazi.

Hapa Kakamega jambo hili lina maana ya pekee. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,500 na ushee, ardhi ni ya mawimbi-mawimbi, na mashariki yetu kuna msitu wa mvua ambao ni masalio ya aina ya misitu ya Kongo. Majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi. Redio za masafa ya megahezi 136 hadi 174, ambazo wimbi lake lina urefu wa karibu mita 2, hupenya majani vizuri kuliko zile za megahezi 400 na kuendelea, ambazo wimbi lake ni la sentimita 70 hivi. Hizi za pili nazo hufanya vizuri zaidi ndani ya majengo. Kwa hiyo mwalimu wa msituni na mlinzi wa jengo la ghorofa hawahitaji redio ya aina moja.

Pia mwalimu wetu ajue kwamba akiwa kwenye kilima cha Lirhanda atawasikia watu wa mbali, lakini mwanafunzi aliye bondeni nyuma ya kilima hamsikii. Mpange mtu mmoja abaki juu awe anapokezana ujumbe. Mtu huyo ni bora kuliko redio tatu za ziada.

Chaneli moja, midomo mingi

Waliosoma sayansi ya kompyuta watakumbuka ALOHA. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kiliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, zote zikitumia chaneli moja. Kila kituo kilituma kikitaka. Viwili vikituma pamoja, pakiti zinagongana na kuharibika, kila kimoja kinasubiri muda wa kubahatisha kisha kinarudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa mtindo huo chaneli haiwezi kufanya kazi ya maana zaidi ya asilimia 18 ya muda wake. Zaidi ya hapo ni migongano juu ya migongano.

Sasa chukua walinzi kumi na wawili mtaani, chaneli moja, na sauti ya mwizi kurukia ukuta. Kila mmoja anabonyeza. Hiyo ni ALOHA, ila kompyuta za Hawaii zilikuwa na sheria ya kusubiri na kurudia, na walinzi hawana.

Tena redio zetu za mkononi zina tabia moja mbaya. Zinatumia mtindo wa FM, na katika FM ishara mbili zikigongana, yenye nguvu humeza dhaifu kabisa. Husikii hata mkwaruzo. Maana yake ni kwamba aliye karibu anayeuliza "kuna nini huko?" anamfuta aliye mbali anayesema "nimeumia". Na mara nyingi mwenye shida ndiye aliye mbali, ndiye mwenye betri iliyochoka, ndiye aliye bondeni.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos uliojaa ukungu, ndege mbili kubwa za KLM na Pan Am ziligongana na watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: mnara ulimwambia rubani wa KLM asubiri, na sekunde hiyo hiyo Pan Am ikasema bado iko kwenye njia ya kurukia. Sauti mbili zikagongana hewani. Ndani ya KLM lilisikika neno la kukubali, kisha mlio. Baada ya ajali hiyo usafiri wa anga ulikaza lugha yake: neno la kuruka likawekwa kwa ajili ya ruhusa yenyewe ya kuruka na kuifuta tu. Yaani hawakuishia kwenye redio. Walirekebisha maneno.

Kiswahili chetu na kitufe

Hapa ndipo penye hoja yangu kubwa, na sijaiona ikiandikwa popote kwa lugha yetu.

Mtu akibonyeza kitufe na kuanza kusema papo hapo, silabi ya kwanza hukatwa. Redio inahitaji kitambo kidogo kuanza kurusha, na redio inayopokea inahitaji kitambo kufungua sauti. Kwa Kiingereza hasara si kubwa sana, maana neno la kukanusha mara nyingi liko katikati ya sentensi. Kwa Kiswahili tunaweka kukanusha mwanzoni kabisa mwa kitenzi. Silabi inayokatwa ndiyo silabi yenye maana yote!

Angalia:

Umesema "Hakuna moto." Imesikika "...kuna moto."

Umesema "Hawana silaha." Imesikika "...wana silaha."

Umesema "Hawapo hapa." Imesikika "...wapo hapa."

Umesema "Msivuke." Imesikika "...vuke."

Hata neno "hapana" lenyewe likikatwa linabaki "pana", ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "kipo". Usiku wa manane, watu wenye rungu na hofu, tofauti ya "hawana silaha" na "wana silaha" ni tofauti ya kijana kukamatwa na kijana kuuawa. Mwalimu aliye ng'ambo ya mto anaposema "msivuke", anategemea silabi mbili ambazo kitufe kinaweza kuzila.

Namba nazo ni hivyo hivyo. "Nne" na "nane" kwenye mkwaruzo ni pacha. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa. Marubani duniani walibadilisha hata matamshi ya tisa ya Kiingereza ili isichanganyike na tano. Sisi tumefanya nini na nne na nane? Na saa je? "Tukutane saa mbili" kwa aliyezoea saa ya Kiswahili ni jambo moja, kwa kijana anayesoma saa ya simu yake ni lingine.

Kwa hiyo ukichukua mwongozo wa redio wa Kiingereza na kuufuata neno kwa neno, umepata itifaki ya lugha nyingine. Tunahitaji yetu, na hakuna mzungu wa Baofeng au Motorola atakayekuja kutuandikia. (Ndiyo, najua Baofeng ni ya Kichina. Mmenielewa.)

Itifaki ninayopendekeza

Ni nusu ukurasa. Ichapishe, ibandike nyuma ya redio kama mnaweza.

1. Sikiliza kwanza. Kama kuna anayesema, ngoja amalize. Kompyuta hufanya hivyo kabla ya kutuma, nawe unaweza.

2. Bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo useme. Sheria hii peke yake inaokoa "ha" nyingi.

3. Taja unayemwita kwanza, kisha jitaje: "Lango, Lango, hapa Bwawa." Tumia majina ya vituo, si majina ya watu. Anayeitwa anapata nafasi ya kutega sikio kabla ujumbe haujaanza.

4. Sema kwa kukubali, usiseme kwa kukanusha. Badala ya "msivuke" sema "Bakini mlipo, bakini mlipo." Badala ya "hakuna moto" sema "Moto umezimika, hali shwari." Badala ya "hawana silaha" sema "Mikono mitupu, mikono mitupu." Jipime: kata silabi ya kwanza ya sentensi yako uone kama bado inasema ukweli.

5. Namba itajwe tarakimu moja moja, na irudiwe. Namba ya gari yenye 884 ni "nane, nane, nne. Narudia: nane, nane, nne." Saa itajwe pamoja na usiku, asubuhi au jioni.

6. Mpokeaji arudie alichosikia, asiseme "sawa" tu. "Sawa" inaweza kumaanisha nimesikia, nimekubali, nimechoka nawe, au betri yangu inakwisha. Akisema "Bwawa, nabaki nilipo," hapo umejua. Kwenye mtandao kila pakiti ya TCP inathibitishwa ikifika. Wewe je, ujumbe wako una thamani ndogo kuliko picha ya paka?

7. Maliza kwa "ova" ukisubiri jibu, na "mwisho" ukimaliza. Wengine huona ni mchezo wa filamu. Si mchezo. Ni alama inayomwambia mwenzako sasa zamu yake.

8. Dharura ina neno lake: "Dharura, dharura, dharura." Mara tatu, kama wanavyofanya mabaharia na marubani na "Mayday". Likisikika, wengine wote wananyamaza hadi mwenye dharura aseme yuko wapi, kuna nini, na watu wangapi. Maswali yanaulizwa na mtu mmoja tu aliyeteuliwa kabla.

Nyongeza mbili za mipangilio. Redio nyingi zina kikomo cha muda wa kurusha. Kiweke sekunde 60. Kitufe kikikwama chini ya kiti cha bodaboda, redio moja inaziba chaneli yote, sawa na programu iliyoingia kwenye mzunguko usio na mwisho. Na zima ule mtindo wa kurusha kwa sauti bila kubonyeza. Mbwa akibweka, atakuwa ameshika chaneli.

Usalama wa mwili na wa siri

Haya nayapitia haraka, lakini msiyadharau.

Shika redio wima, sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, antena iwe mbali na jicho na kichwa. Usiishike kwa antena wala kuibeba kwa antena. Usirushe bila antena. Unaweza kuunguza sehemu ya mwisho inayotoa nguvu. Sema kwa sauti ya kawaida, maana kupiga kelele kunavuruga maneno badala ya kuyafikisha.

Betri iliyovimba itupwe kwa utaratibu, isichajiwe. Betri ya akiba isikae mfukoni pamoja na sarafu na funguo, kwa sababu vyuma vyake viko wazi na vikiunganishwa hupata moto.

Kwenye mvuke wa petroli, yaani kituo cha mafuta au lori lililopinduka, zima redio isipokuwa kama ni ya aina iliyotengenezwa mahususi kwa mazingira ya mlipuko. Karibu na machimbo yanayolipua kwa fataki za umeme, tii kibao kinachosema zima redio; mawimbi yanaweza kuamsha fataki. Ndani ya wodi ya wagonjwa mahututi usirushe, maana wati 5 karibu na mashine ni nyingi kuliko simu.

Radi: sisi watu wa Magharibi hatuhitaji kufundishwa. Redio ya mkononi haiiti radi, lakini kilima ulichopanda kutafuta mawimbi kinaiita. Ukisikia ngurumo, shuka. Na kama umeweka antena ya mlingoti nyumbani, ichomoe kabla ya wingu la alasiri.

Kuhusu siri, elewa hivi: redio ya kawaida ya analogi haina siri yoyote. Zile zinazoitwa kodi za faragha, ambazo muuzaji anazisifu, hazifichi kitu. Zinakuzuia wewe usisikie wengine. Hazizuii wengine wasikusikie wewe. Mtu mwenye redio ya bei hiyo hiyo akitafuta chaneli yenu anasikia kila neno. Basi usitaje hewani nyumba isiyo na mtu, kiasi cha pesa, jina la mgonjwa, wala "sisi tuko wawili tu upande huu."

Leseni si karatasi ya kusumbua watu

Najua sehemu hii haipendwi. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 inasema huwezi kutumia kifaa cha kurusha redio bila leseni, na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Redio nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani zikiwa na chaneli zilizokwisha pangwa, na kiwanda hakikuuliza Kenya imempa nani masafa hayo. Kununua kifaa dukani hakukupi haki ya kurusha.

Fikiria redio inayoweza kurusha popote kati ya megahezi 136 na 174. Ndani ya eneo hilo kuna chaneli ya 16 ya vyombo vya majini, megahezi 156.8, ambayo dunia nzima imeitenga kwa wito na dharura. Ukicheza na vitufe mtaani hujui unamkanyaga nani. Ile hoja ya aliye karibu kumfuta aliye mbali inakuhusu na wewe: unaweza kuwa ndiye unayemfuta mtu usiyemjua.

Kwa hiyo mimi naiona leseni kama sehemu ya itifaki ile ile. Ni makubaliano ya nani aseme wapi, ila ya nchi nzima badala ya mtaa. Anayependa kuichezea redio na kujifunza aingie kwenye redio za ridhaa, afanye mtihani, apate jina lake la hewani linaloanza na 5Z4. Jumuiya hiyo ipo Kenya na ndiyo shule bora niijuayo ya nidhamu ya hewani. Ila redio za ridhaa si za biashara wala za kampuni ya ulinzi.

Hapo hapo nawageukia wenye mamlaka. Ningependa kuona maelezo mafupi ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, yanayomwambia mwenyekiti wa mtaa au mwalimu mkuu: unataka redio sita, fanya hili, lipa hiki, tumia chaneli hii. Mtu asipoelewa njia halali, atapita ukutani. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo binadamu walivyo, na anayeunda mfumo bila kumjua mtumiaji wake asishangae ukikwepwa.

"Haya ni mambo ya jeshi"

Ndilo pingamizi ninalolisikia sana. Sisi ni majirani tu, tunajuana, kwa nini tuongee kama roboti?

Kwa sababu mnajuana mchana. Usiku, mvua inanyesha juu ya mabati, moyo unadunda, sauti inatoka kwenye spika ya ukubwa wa kizibo cha soda, hata sauti ya ndugu yako huitambui. Katika hali hiyo akili haibuni maneno mazuri, inarudi kwenye ilichozoea. Kama ulichozoea ni "eeh, wewe, sema, uko wapi, ati nini?", ndicho utakachosema.

Na zoezi halihitaji hata redio. Wasimame watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje ya nyumba, mlango umefungwa, mvua ikinyesha ikiwezekana. Mmoja asome namba kumi za magari na maagizo matano. Mwingine ayaandike na kuyarudia. Hesabuni makosa. Kisha msomaji akate silabi ya kwanza ya kila agizo, muone ni mangapi yamegeuka kinyume. Dakika ishirini za zoezi hilo zitawafundisha zaidi ya kurasa zote za matangazo ya wauzaji.

Ni baada ya hapo ndipo tuzungumze ni redio gani. Nitafurahi kusaidia kuchagua, hata kuzipanga chaneli zake kwa kompyuta bila malipo, kwa kikundi chochote kitakachoniletea vitu viwili: leseni yake, na nusu ukurasa wa itifaki iliyoandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na kila atakayeshika kitufe. Kikundi kisicho na vitu hivyo kiendelee kutumia filimbi. Filimbi nayo ina chaneli moja, lakini angalau haiwezi kugeuza "hakuna" kuwa "kuna".